Kivuli Chenye Namba ya Serikali

Saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa limeshavuka bati la kanisa, Kalondu alitoka stoo ya zahanati ya Kwa Mbolu amebeba kisanduku cha chanjo. Alivua ndala, akazipanga kando ya ukuta, akasimama kwenye alama aliyochorewa kwa chokaa, mgongo kwa jua. Kivuli chake kikalala mbele yake kuelekea barabara ya Katangi, kirefu kama mlingoti wa bendera. Wanawake waliokuwa wakisubiri langoni wakaingia na kupanga chupa zao za maziwa juu yake. Wenye haraka waliweka upande wa kichwani, ambako baridi yake ilikuwa ya kawaida tu. Wenye maziwa ya jioni waliweka tumboni, ambako yangekaa hadi kesho bila kuchacha. Kisanduku cha chanjo kilikaa miguuni, na pale hakuna aliyeweka kitu kingine, kwa sababu miguuni ndipo palipokuwa baridi kuliko pote.

Kivuli hicho kilitaka mtu anayejua saa. Kufikia saa nne kilikuwa kimeshajikunja, na mwenye chupa kichwani asipokuja kuiondoa aliikuta juani, amepata mtindi. Saa sita mchana, mwezi ule wa Septemba jua la Yatta linaposimama utosini, kilibaki ukubwa wa sinia, na Kalondu alisimama miguu panda, kisanduku katikati. Walijaribu kumtandazia leso mabegani ili kivuli kipanuke, lakini kivuli cha leso kilikuwa cha leso tu, cha moto kama cha mtu yeyote. Wanawake wakakubaliana kwamba dawa ni mwenyewe anenepe, wakamletea isyo ya mahindi na maharagwe mwezi mzima. Alinenepa mashavu, na mashavu hayana kivuli cha maana. Baada ya saa nane, kivuli kikianza kurefuka upande wa pili, Abdiwahab mwenye bucha alileta mbavu za mbuzi zilizobaki, akazilaza begani pa kivuli juu ya gunia safi, akasema shukrani, akaenda kuswali.

Usiku Kalondu aliketi stoo, sista Mutheu, muuguzi wa zahanati, akawasha kandili nyuma yake, kisanduku kikaning'inizwa ukutani, kwenye kivuli. Siku za mawingu pia waliwasha kandili, lakini siku za mawingu Yatta hazikuwa nyingi kiasi cha kumtia mtu hasara ya mafuta.

Baridi yenyewe ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia. Zahanati ilikuwa na friji ya mafuta ya taa iliyozeeka, ikafika mahali ikawa inapasha dawa badala ya kuipoza, na hakuna aliyejua, kwa sababu mlango wake ulikuwa unafungika vizuri. Binti ya Kalondu aliponda kokoto huko Lukenya, akamwachia mama yake mtoto wake amlee, Syokau, mwenye mwaka mmoja na nusu. Syokau alichanjwa surua hapo zahanati, kadi yake ikagongwa muhuri. Miezi mitatu baadaye akafa kwa surua, kadi ikiwa juu ya meza inasema amekingwa. Kalondu alimwosha mwenyewe. Tangu siku hiyo kivuli chake kikawa baridi. Wa kwanza kutambua walikuwa kuku, waliomfuata shambani mchana kutwa wakigombania mahali pa kulala, na mmoja akataga yai lenye barafu ndani.

Sista Mutheu alipopata habari alikuja na kipimajoto, akakiweka chini miguuni pa Kalondu, akangoja.

“Nyuzi nne,” akasema. “Inafaa.”

Akamwomba, kwa heshima zote, aje asimame zahanati mpaka friji mpya iletwe. Alisema ni wiki mbili. Kalondu alikuwa na shamba la ekari mbili na nusu, lakini alikuwa pia na ile kadi ndani ya Biblia, akasema wiki mbili si kitu. Kubeba kisanduku aende nacho shambani kulikatazwa, kwa maana dawa ya serikali hailali nyumbani kwa mtu. Kwa hiyo alisimama. Mvua ya Novemba ikampita amesimama. Mvua ya Aprili nayo haikunyesha kabisa, kwa hiyo hiyo hakuihesabu. Sasa ilikuwa Septemba ya mwaka wa elfu mbili, ghala lake likiwa na panya wawili waliokuwa wakipanga kuhama, na mbegu zake zote duniani zilikuwa kunde na mahindi ndani ya kibuyu kimoja. Mvua ya Novemba hii ikimpita tena, atakula nini? Hata mtu aliye na kivuli baridi hula.

Friji si kwamba ilisahaulika. Januari watu wa mradi walikuja na magari mawili, wakaketisha watu chini ya hema, wakaeleza. Walisema mafriji ya zamani yana gesi mbaya inayopanda juu na kutoboa anga, na jua linapitia kwenye tundu hilo na kuunguza dunia. Watu wa Kwa Mbolu walitazama juu kwa adabu. Kalondu aliuliza kama hilo tundu liko upande wao, kwa sababu kama lingekuwa upande wao mvua nayo ingekuwa imeliona ikapitia humo. Watu wa mradi waliandika swali hilo. Kisha wakasema wataleta friji inayoendeshwa na jua, isiyotaka mafuta wala umeme, na gesi yake ni safi, haidhuru anga. Watu walipiga makofi, maana jua walikuwa nalo, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni mali.

Friji ilifika Machakos mjini mwezi wa Mei. Ilipofika hapo ikakaa.

Aliyeleta habari ni Abdiwahab. Kila Jumanne alipeleka nyama ya mbuzi mjini kwenye hoteli ya mke wa Bwana Urbanus, afisa aliyekuwa na kazi ya kugawa vifaa vya mradi. Mwaka huo umeme mjini ulikuwa wa zamu, leo mtaa huu, kesho ule, na hoteli nyingi zilikuwa zikiuza bia ya moto kama uji. Hoteli ya mke wa Bwana Urbanus haikuwa na shida hiyo. Ilikuwa na vioo vya jua juu ya bati, na jikoni kulikuwa na friji nyeupe imejaa mbavu, soda na bia, na mlangoni imeandikwa kwa rangi ya buluu: ZAHANATI YA KWA MBOLU.

“Niliisoma mara mbili,” Abdiwahab alimwambia Kalondu, akipanga nyama yake begani pa kivuli. “Nikaambiwa niweke maini rafu ya juu.”

“Basi jina letu limefika mjini,” Kalondu akasema. “Sisi tutafika siku nyingine.”

Lakini hakucheka sana. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Kitui, na Mumbua, mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha wanawake wanaolimiana, alikuwa amepita kumwuliza siku ya kupanda. Mwethya ule ulikuwa na wanawake kumi na sita na majembe kumi na sita, na ungemaliza ekari zake kwa siku moja na nusu. Tatizo lilikuwa moja. Mwethya wa Kwa Mbolu haukuingia shamba ambalo mwenyewe hayupo. Mwenye shamba husimama kichwani pa mtaro na kibuyu, na kila mbegu hupita mkononi mwake: huchota yeye, humgawia kila mwanamke gao lake, ndipo wanapanda. Mbegu ambayo haikupita mkononi mwa mwenyewe haijui itamwotea nani. Hilo halikuwa na mjadala, na Mumbua alilisema kwa huruma, lakini alilisema.

Kalondu akamwambia sista Mutheu aandike barua mjini, aombe friji ije kabla ya mwisho wa Oktoba. Sista aliandika. Jibu lilikuwa kwamba Bwana Urbanus atakuja mwenyewe kujionea.

Hapo ndipo Kalondu alipokosea, na alikosea kwa adabu. Mgeni akija hupewa kizuri kuliko vyote, na mgeni aliyepewa kizuri moyo wake hulainika. Ndivyo alivyolelewa. Siku ya mgeni akamwomba Abdiwahab kreti ya soda. Kuanzia saa tatu akaweka chupa mbili katikati ya miguu yake kando ya kisanduku, akasimama bila kutikisika, hata nzi alipotua puani. Alijikaza kama anayesukuma mlango. Bwana Urbanus alipofika saa tano na nusu, amevaa suti ya Kaunda ya kijivu, chupa zilikuwa zimefunikwa umande na shingoni mna barafu.

Alikunywa amefumba macho. Kisha akaitazama chupa.

“Hata za kwangu hazifiki hapa,” akasema.

Neno lile la “za kwangu” kila mtu alilisikia, na kila mtu akatazama mahali pengine, kama inavyofanywa mgeni anapotoa sauti tumboni.

“Bwana Mkubwa,” Kalondu akasema, “sasa tuko hapa kuomba ile friji yetu. Mimi niko na shamba. Nikiondoka, dawa inaharibika.”

“Mama, friji ni ya mahali hakuna baridi. Hapa mko na baridi. Nikiwaletea ingine nitaulizwa.”

“Na ile imeandikwa jina letu?”

“Jina linafutwa,” Bwana Urbanus akasema bila ubaya, akanyoosha mkono apewe chupa ya pili.

Alipomaliza alizunguka kivuli mara moja, mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe. Akasema kifaa kizuri namna hii hakiwezi kuachwa ovyo bila namba. Akamwita dereva alete kopo la rangi nyeupe na vile vibati vilivyotobolewa herufi, vya kuandikia namba kwenye viti vya ofisi. Dereva akapiga magoti, akaandika kifuani pa kivuli herufi mbili za serikali na namba yenye tarakimu sita. Rangi haikushika udongo. Ilishika kivuli, na Kalondu alipohama hatua moja kushoto, namba ikahama naye. Alihisi mwasho kifuani, akajikuna. Bwana Urbanus akaandika karatasi, akampa sista atie sahihi, akaondoka na soda zilizobaki.

Siku nne baadaye radi ilisikika upande wa Kitui. Kalondu akamwambia sista Mutheu kwamba anakwenda siku mbili na liwalo liwe, na sista akakubali kwa kichwa. Kalondu akavaa ndala, akashika njia. Alipovuka lango alihisi wepesi wa ghafla, kama aliyetua mtungi wa maji. Akageuka. Kivuli kilikuwa kimebaki pale kwenye chokaa, kimelala vilevile na namba yake, kisanduku miguuni.

Ndeti, bawabu wa lango, alikuwa akila muwa.

“Hiyo haitoki, mwaitu, mama yetu,” akamwambia. “Iko na namba. Ukitaka itoke, leta karatasi ya mjini.”

Kalondu alikitazama kivuli kwa muda. Jua lilisogea, nacho kikasogea, peke yake, bila mtu.

“Wacha kifanye kazi,” akasema. “Mguu wangu ulikuwa umechoka, wacha kisimame chenyewe.”

Akaenda shambani akicheka peke yake njia nzima. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alipiga hatua mia mbili bila kugeuka kutazama chupa ya mtu.

Siku hiyo mwethya ulimlimia hadi giza, na kesho yake ukarudi alfajiri kupanda. Wanawake kumi na sita walijipanga kwenye mtaro, Kalondu akasimama kichwani na kibuyu. Akachota gao la kwanza, akammiminia Mumbua kiganjani. Mumbua akazitazama kunde. Zilikuwa za kahawia, zimepasuka, zinanukia vizuri. Akatafuna moja.

“Zimekaangika,” akasema.

Kalondu akachota tena, polepole, kwa vidole viwili. Mahindi yalirukaruka mkononi mwake, yakageuka bisi. Baridi yote aliyokuwa nayo ilikuwa imebaki zahanati, ina namba, na kilichobaki kwake kilikuwa kile kingine. Wakangoja kidogo labda apoe. Mumbua akashauri aloweke mkono kwenye ndoo. Aliuloweka, maji yakaanza kutoa mvuke. Hakuna aliyependekeza kwamba mbegu zipite mkono wa mtu mwingine, na Kalondu mwenyewe hakupendekeza. Kufikia saa tatu kibuyu kilikuwa kimeisha gao kwa gao, na wanawake wakaketi mtaroni wakala, kwa maana chakula hakitupwi.

“Ingekuwa na chumvi kidogo,” Mumbua akasema, na akasema kwa upole.

Jioni hiyo mvua ilinyesha, nzuri, ya saa tatu mfululizo. Baada ya wiki moja Kwa Mbolu yote ilikuwa kijani, isipokuwa ekari mbili na nusu zilizobaki nyekundu, zimelimwa vizuri, mitaro imenyooka.

Kalondu aliendelea kuwa na joto. Maji aliyochota mtungini yalifika mdomoni yakichemka, ikabidi awe anatia majani ya chai. Kuku walihamia kwa jirani. Blanketi alimpa mtu. Majirani walizoea, wakawa wanakuja asubuhi kuomba moto, wanagusisha mwenge kiganjani pake, wanamsalimu, wanaenda kupika. Chakula cha kupika hakuna aliyekuja nacho. Alikonda hadi mashavu yale ya isyo yakaisha.

Desemba akaenda kuomba kivuli chake. Sista Mutheu alimketisha nje, kwa sababu ndani alipasha dawa. Alikuwa ameandika barua mbili. Jibu la kwanza lilisema kifaa kinafanya kazi vizuri na hakiwezi kutolewa kwa matumizi ya mtu binafsi. La pili lilisema someni la kwanza.

“Nikuambie ukweli, mwaitu,” sista akasema, akiangalia viatu vyake. “Tangu usimame hapa, hakuna mtoto wa Kwa Mbolu amekufa na surua. Hata mmoja. Mimi hiyo kivuli nikiipoteza sitalala.”

“Wewe lala,” Kalondu akasema. “Tulale hata mmoja wetu.”

Abdiwahab hakupenda mambo yale. Siku hizo hata yeye hakuruhusiwa tena kulaza mbavu zake pale, na wanawake wa maziwa pia walikuwa wamefukuzwa. Ndeti alikuwa amezungusha kamba na kutundika kibao: MALI YA SERIKALI, DAWA TU. Maziwa ya jioni yakarudi kuchacha kama zamani. Abdiwahab akaja na nusu lita ya mafuta ya taa kwenye chupa, na kitambaa. Alikuwa ameshajaribu kwenye kiti cha ofisi ya chifu, namba ikatoka yote. Akamwambia Kalondu kwamba Ndeti huenda kunywa chai saa nne, na hurudi robo saa baadaye.

Saa nne Kalondu alivuka kamba. Akapiga magoti kando ya kivuli chake, kitambaa mkononi kimelowa mafuta. Ilikuwa siku ya kliniki. Akina mama ishirini na zaidi walikuwa kwenye foleni na watoto mgongoni, na wote walimwona, na hakuna aliyemzuia, kwa maana kivuli kilikuwa chake. Sista Mutheu naye alimwona kupitia dirishani. Akaacha sindano hewani, akangoja. Mtoto wa tatu kwenye foleni alikuwa msichana, amefungwa kofia ya sufu kwenye joto lile, akimtazama Kalondu bila kupepesa.

Kalondu alikaa hivyo muda mrefu kuliko chai ya Ndeti. Baridi ya kivuli ilimgusa magotini, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba jasho lilikauka usoni pake. Kisha akainuka, akavuka kamba tena, akamrudishia Abdiwahab chupa yake.

“Rudi nayo,” akasema. “Nikifuta saa hii baridi inanifuata, na yule wa tatu anachanjwa na uji.”

Abdiwahab akasema kwa lugha ya kwao neno ambalo hakulitafsiri, akaenda zake. Dirishani, sindano ikaendelea.

Tangu hapo Kalondu alikuja kila mchana, akaketi kwenye ukingo wa kamba mahali baridi ilipovuja kidogo, akapoza mkono mmoja, kisha mwingine. Ndeti aliruhusu, mradi asizidishe dakika kumi, maana sheria haikutaja mkono.

Machi watu wa mradi walirudi, wageni wengine, wachanga, magari matatu. Bwana Urbanus aliwatangulia na karatasi. Alieleza kwamba hapa jamii imejitafutia baridi yake, isiyotumia umeme wala mafuta, haina gesi yoyote ya kutoboa anga, haiharibiki, na haimchoshi mtu yeyote. Mzungu mmoja wa kike alipiga magoti, akaweka kipimajoto, akasoma nyuzi nne, akatabasamu kwa dhati kabisa. Aliuliza ilitengenezwa na nani. Bwana Urbanus akasema, na jamii. Aliuliza kama kuna zahanati nyingine zinazoweza kupata kama hii, na Bwana Urbanus akasema wanatafuta.

Kalondu alikuwa pale ukingoni, mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya kamba. Aliyeshika kamera alirudi nyuma, akainama, akaiteremsha kamera, akamnong'oneza Bwana Urbanus.

“Mama,” Bwana Urbanus akasema, “sogea kidogo. Unaharibu picha.”

Kalondu akasogea hatua mbili. Wakamwambia bado. Akasogea tatu zaidi, na bado mvuke wake ulikuwa ukiingia kwenye picha, kwa hiyo akaendelea kusogea, kinyumenyume, akiwatazama kwa adabu wasije wakadhani amekasirika, hadi akawa nje ya lango.

Wakapiga.